Unarudi Lini?

Mhadhara kuhusu wanaorudi nyumbani na kutamani kuondoka tena, uliotolewa mbele ya wananchi mjini Homa Bay

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili kwa kuwa ukumbini humu wamo Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii, Waluhya na Wasomali, na jambo nililokuja nalo halina kabila.

Jambo lenyewe ni hili. Miongoni mwetu wapo waliorudi kutoka majuu, kutoka Saudia na Qatar, kutoka Afrika Kusini, na wengi wao hulala wakiwaza watakavyoondoka tena. Hawalisemi hadharani, kwa sababu wanajua watakavyojibiwa. Wataambiwa hawana shukrani. Wataambiwa wameharibiwa na Wazungu. Mwisho watatupiwa methali: mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nasema watu hawa hawajakataa kwao. Hamu yao ni ushahidi, na sisi tuliobaki tunapaswa kuusikiliza, maana unatueleza tumewapokeaje, na unatueleza njia gani zimefungwa ambazo zamani zilikuwa wazi. Nitatoa hoja nne. Ya kwanza na ya tatu zina mengi. Nyingine nitazipitia haraka.

1. Sisi ni watu wa kwenda na kurudi

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada ya hapo meli za ziwa ziliunganisha Kisumu na Kendu Bay, Homa Bay, Musoma, Mwanza, Bukoba hadi Port Bell kule Uganda. Babu zetu walipanda meli hizo wakaenda kutafuta kazi Jinja na Kampala. Wengine walishika reli hadi Magadi na Mombasa, wengine wakaishia kwenye mashamba ya chai Kericho. Kwa Kijaluo waliitwa jopango, na hakuna ukoo wa Nyanza Kusini usiokuwa nao. Aliondoka mtu akiwa na simba, yaani kibanda cha kijana, katika boma la baba yake, akarudi na mabati, baiskeli na maneno ya Kiganda. Akakaa msimu wa kulima, akaondoka tena. Hakuna aliyemwita msaliti.

Lakini kulikuwa na marudio mengine ambayo mtu hakuyachagua, na hayo ndiyo ninayotaka tuyakumbuke. Mwaka 1945 vita viliisha, na askari wa King's African Rifles waliopigana Burma wakarudishwa nyumbani. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kutoka Uganda, na maelfu waliokuwa wamejenga maisha yao huko, wengi wao watu wa Nyanza, wakarudi na masanduku na watoto ambao hawakuwa wamewahi kuuona ufuo wetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na Isebania ikatenganishwa na Sirari hadi 1983. Wakuria wa huku na wa kule, ambao ni ndugu wa tumbo moja, walitengwa na kizuizi cha barabarani kwa miaka sita.

Nimekaa na wazee wa Oyugis na Kendu Bay waliorudi mwaka ule wa 1970. Hawaongei juu ya Kampala kama watu wanaoongea juu ya mahali walipofanya kibarua tu. Wanataja mitaa. Wanataja jina la fundi aliyewashonea suti. Mmoja alinieleza namna matoke yanavyofunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa yaive kwa mvuke polepole, akaeleza kwa mikono yake yote miwili, na mkewe akacheka akasema amelisikia hilo tangu siku ya arusi. Mzee huyo ana boma, ana wajukuu, ana ng'ombe. Hajakataa kwao hata siku moja. Ila kuna sehemu ya ujana wake iliyofungiwa upande wa pili wa ziwa, na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuiaga.

Sasa tuwatazame wasomi. Mwezi Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda vyuo vya Marekani. Aliyeisimamia safari hiyo ni Tom Mboya, mwana wa Rusinga, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 na 1956. Wanafunzi waliendelea kusafirishwa hivyo kwa miaka kadhaa. Waliorudi walikuta nchi inahitaji watu. Wakoloni walikuwa wakiondoka na viti vilikuwa wazi serikalini, vyuoni na kwenye makampuni. Hilo tusilisahau tunapowalaumu vijana wa leo. Kizazi kile kilirudi na kukuta kazi imekisubiri. Kizazi hiki kinarudi na kukuta foleni.

Hata hivyo, kiti peke yake hakikutosha. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, asili yake ni Kanyadhiang, hapa karibu na Kendu Bay. Alikwenda Hawaii mwaka 1959, akaendelea Harvard, akarudi nyumbani na shahada ya uzamili ya uchumi. Mwaka 1965 aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akiukosoa waraka wa serikali kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, waraka ambao mtetezi wake mkuu alikuwa Mboya, rafiki yake. Alisema wazi, kwa jina lake, kama alivyozoea kusema darasani ng'ambo. Baadaye mambo yake serikalini yalikwenda mrama, akafa kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982. Alikuwa na udhaifu wake, nao umeandikwa na watu wengi, sina haja ya kuurudia. Ninachokiona mimi ni kwamba nchi iliitaka shahada yake, lakini ile tabia ya kuhoji iliyokuja pamoja na shahada haikutakiwa. Kosa hilo tunalirudia hadi leo katika nyumba zetu.

2. Wanachokitamani sicho tunachodhani

Tukimsikia mtu anatamani kurudi ng'ambo, tunawaza pesa. Pesa zipo, sitaki kudanganya. Lakini kaa naye, mpe muda, utasikia mengine.

Dada mmoja wa Karachuonyo alifanya kazi miaka mingi Marekani katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumbani kwake nimeliona koti lake la baridi likining'inia msumarini, limefunikwa kwa nailoni ile ile ya dobi wa huko, katika chumba ambacho saa nane mchana mabati yake hayashikiki kwa joto. Nilimuuliza anakumbuka nini zaidi. Nilitarajia ataje barabara au maduka. Akasema anakumbuka kukabidhi zamu. Alfajiri mwenzake alikuwa akiingia, wanasimama pamoja mbele ya daftari, anaeleza usiku ulivyokwenda: nani amekula, nani hajalala, nani amekataa dawa na kwa nini. Kisha wote wawili wanatia sahihi. Wazee kumi na wawili walikuwa mikononi mwake usiku kucha, na palikuwa na karatasi inayosema hivyo.

Tangu arudi, hakuna mtu wa kwao aliyemuuliza kazi ile ilikuwaje. Wameuliza ilikuwa inalipa kiasi gani.

Wengine hutaja mambo ambayo kwetu huonekana madogo: foleni inayosonga bila mtu kuingilia katikati, mshahara unaokuja na karatasi ya makato, kutembea kutoka kituo cha basi hadi mlangoni bila mtu kukuuliza unatoka wapi na umebeba nini. Kwa wanawake mara nyingi ni ufunguo. Chumba ni chake, mlango anaufunga mwenyewe, na mshahara unaingia kwa jina lake.

Na wale waliotoka Uarabuni? Hapa lazima niseme kwa uchungu. Tumewapokea mabinti walionyang'anywa pasipoti, walionyimwa mshahara, waliopigwa. Familia nyingine zimepokea jeneza. Halafu unamkuta msichana aliyepitia hayo yote anauliza habari za ajenti mpya. Watu humshangaa. Mimi simshangai. Ana watoto wawili shuleni, na mwisho wa mwezi kule, mwezi uliolipwa, karo ilifika. Hapa ameuza omena kwa gorogoro tangu Januari na karo haijafika. Hamu yake haimaanishi kwamba mateso yalikuwa mema. Inatuonyesha tu jinsi mwezi wa hapa ulivyo mrefu.

3. Tunawapokea wageni, hatuwapokei watu wetu

Mwaka ule ule wa 1945, askari wetu wakirudi kutoka Burma, mwanafalsafa mmoja aliyekuwa amekimbia Vienna na kuhamia New York, Alfred Schutz, alichapisha makala juu ya mtu anayerudi nyumbani. Alisema jambo ambalo wazee wetu wangelikubali bila kulisoma. Anayerudi hutegemea kuikuta nyumba kama alivyoiacha. Waliobaki hutegemea kumpata yeye kama alivyoondoka. Pande zote mbili zimebadilika, na hakuna upande uliokuwepo mwenzake akibadilika. Kwa hiyo siku ya kwanza kila mmoja humsalimu mtu ambaye hayupo tena.

Tuangalie sisi tunavyofanya. Gari linatoka uwanja wa ndege wa Kisumu limejaa jamaa. Linasimama Oyugis kununua mikate na soda. Likifika nyumbani kuna vigelegele, kuna kuku, kuna maombi marefu. Kisha sanduku linafunguliwa sebuleni, kila mtu anatazama, na kila kitu kinachotoka kina mwenyewe kabla hakijatua. Haya ni mapenzi, siyadharau. Lakini kabla sahani hazijaondolewa, mtu anauliza, tena kwa upole: unarudi lini?

Ndugu zangu, lisikieni swali hilo kwa masikio ya aliyerudi. Hajamaliza chai. Miguu bado imevimba kwa ndege. Nyumba yake mwenyewe inamuuliza tarehe ya kuondoka. Akisema sirudi, kimya kinaingia. Mwezi wa pili minong'ono inaanza: amefukuzwa, ameshindwa maisha, mbona hana gari? Kwa kuwa alikwenda kwa harambee, watu wanahesabu. Swahiba wake wa utotoni hampigii tena simu ila akiwa na shida. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hatumpi jembe hata mwezi wa tatu. Tunamwacha abaki mgeni mwenye mkoba, na mkoba ukiisha hatujui tumfanyie nini.

Kisha kuna makaburi. Hili napenda tulikalie kidogo, maana sijasikia likizungumzwa. Kwetu mazishi ndiyo yanayotufanya tuwe jamaa. Ijumaa maiti inatoka mochari, usiku watu wanakesha, Jumamosi tunazika. Aliyekuwa ng'ambo miaka kumi hakuwepo. Alituma pesa za jeneza kwa M-Pesa, akatazama video ya mazishi kwenye simu, akaingia zamu. Anaporudi anachukuliwa na kuzungushwa bomani: hapa yupo mama mkubwa, hapa yupo Ochieng', hapa ni mtoto wa yule dada yako mdogo. Anasimama mbele ya vilima vya udongo ambavyo vimeshaota nyasi. Yeye ndiyo kwanza anaanza kulia, na wenzake walishamaliza. Wanamwambia ajikaze. Hakuna anayekesha naye. Ninaamini nusu ya kile tunachokiita kutamani ng'ambo ni msiba wa namna hii ambao haukupata mkesha. Kule ng'ambo, wote hawa walikuwa bado hai.

Liko pia suala la utaratibu wa boma. Katika familia zinazoshika mila, mbegu haziingii ardhini kabla ya mkubwa kuanza, na mdogo hajengi kabla ya kaka yake. Mimi nauheshimu utaratibu huo. Umezuia ugomvi mwingi. Lakini mtu aliyerudi na akiba ya miezi sita, akaambiwa asubiri kaka yake aliye Mombasa ajenge kwanza, atakula akiba hiyo akisubiri. Wazee mliopo hapa mnajua njia za kulifungua jambo kama hilo bila kuvunja mila. Zitumieni mapema, kabla mtu hajakata tamaa.

Mnakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na hakuzikwa hadi Mei 1987, baada ya ukoo kupigania mahakamani mwili wake uzikwe Nyalgunga, Siaya, na kushinda. Nchi nzima ilifuatilia. Sitaki kuifungua upya kesi hiyo. Nauliza tu: kama tunaweza kusimama mahakamani miezi mitano kwa ajili ya maiti irudi nyumbani, tunashindwaje kumpa saa moja aliyerudi akiwa hai?

4. Hamu hukomaa pale njia inapofungwa

Wapo watu wa Migori wanaovuka Sirari kwenda Tarime, Musoma na Mwanza kwa biashara, wakarudi mwisho wa wiki. Waulize kama wanaumwa na hamu ya Mwanza. Watacheka. Watakwenda tena Jumatatu. Jopango wa zamani nao walikuwa hivyo, hadi njia ilipofungwa mwaka 1970. Hamu inayouma ni ya mtu ambaye mlango umefungwa nyuma yake.

Na leo mlango unafungwa kwa sheria. Marekani, aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka huzuiwa kurudi miaka 3. Akipitisha mwaka mmoja, miaka 10. Kwa hiyo kijana wetu anayekuja kumzika mama yake anafanya uamuzi ambao babu yake hakuwahi kuufanya alipotoka Jinja kwa ajili ya mazishi. Wengi hawaji. Wanaokuja, wanakuja wakijua wameacha upande mmoja wa maisha yao usioshikika tena. Tusiwaambie basi, sahau, huku ni nyumbani.

Upande wetu tumefungua mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Aliyeupoteza kabla ya hapo anaweza kuomba arudishiwe. Ni jambo kubwa, na bado nakutana na watu wanaoficha pasipoti ya pili kama kitu cha wizi. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kwa hesabu za Benki Kuu. Nchi imejifunza kuzipokea pesa hizo hadi senti ya mwisho. Ujuzi wa waliozituma haujapata wa kuupokea.

Ndiyo maana nasema kutamani kwenda tena kusiwe aibu. Anayeweza kwenda kwa njia halali, na aende, aagwe vizuri, na arudi. Anayebaki, apewe kazi inayofanana na ile aliyokuwa akiifanya huko.

Tunakokwenda

Nina maombi, na nitayasema bila kuzunguka. Kaunti zetu mbili, Homa Bay na Migori, zimepewa na Katiba hospitali za kaunti, zahanati na vyuo vya ufundi vya vijijini. Zifungue daftari la waliorudi na kazi walizozifanya: waliotunza wazee, waliochomelea meli, walioendesha malori ya majokofu, waliopika hotelini. Wapimwe kwa mikono yao, wapewe cheti, wafundishe wengine. Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya hapa mjini viwaite waje wazungumze na wanafunzi kabla wanafunzi hao hawajaanza kutafuta ajenti.

Nanyi mliorudi, nina neno lenu. Msiwaambie vijana kwamba huku hakuna kitu, wala msiwaambie kwamba kule ni peponi. Waambieni kodi ya nyumba ilikuwa kiasi gani. Waambieni mlilala saa ngapi, nani aliwasaidia, nani aliwadhulumu, na mlijifunza nini. Mkinyamaza, wanaozungumza ni matapeli peke yao.

Ombi langu la mwisho ni kwa familia. Kabla mwezi huu haujaisha, kila boma lenye mtu aliyerudi limwite jioni moja, limkalishe, limuulize alikuwa akifanya kazi gani huko na ilifanywaje, na limsikilize mpaka amalize. Mtu asimwombe chochote jioni hiyo.